Ishirini na Sita

Saa tatu kamili nashuka ukingo wa Mbarali,
viatu mkononi, daftari ndani ya mfuko wa nailoni
uliofungwa mara mbili.
Juu ya utosi wangu malori ya Tunduma yanalitetemesha daraja la Igawa;
chini yake vibao vitatu vyeupe, vimepigwa bolti kwenye nguzo,
vinauhesabu mto usiowajua wanaouhesabu.

Nachutama. Jicho lilingane na maji.
"Ukiusoma umesimama," alinifundisha Sekela Mwandulami,
aliyeshika daftari hili kabla yangu,
"mto utakukata sentimita mbili, faini ya kiburi."
Wimbi likicheza, chukua la juu, chukua la chini,
andika la kati.

Februari niliandika mia tatu na nne.
Maji rangi ya chai ya maziwa,
yakipitisha mlango wa choo na komeo lake,
na mgomba uliosimama wima
kama mgeni aliyekosa kiti.
Sasa ni Oktoba. Kibao cha chini kimevaa ukoko wa kijani,
na chura amekaa kwenye hamsini na tano,
anayatazama maji huko chini
kama mpangaji aliyepandishwa ghorofani bila kuulizwa.

Ishirini na sita.

Ujumbe huenda Iringa, ofisi ya bonde,
kutoka kwenye jiwe moja tu lenye mtandao.
Jiweni nilimkuta Lutengano, shemeji yangu,
mwenye funguo za lango la mfereji, kule juu.
Kipimo kikishuka chini ya thelathini, lango hufungwa.
"Zigeuze," akasema, taratibu, kama anayemfundisha mtoto hesabu.
"Mbili na sita, sita na mbili. Tarakimu ni zilezile.
Hujadanganya; umekosea tu, kama binadamu.
Kitalu chako cha mpunga kina siku tisa."

Kina siku tisa. Najua.
Jana nilikipapasa kwa kiganja,
kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa juzi.

Ningependa kusema niliiwaza nchi:
Usangu yote, ng'ombe na majaruba,
kisha Ihefu, ambako maji huvuta pumzi,
viboko wa Ruaha wakigombea tope la kulalia,
Mtera, mitambo, nyaya ndefu,
hadi kinyozi wa Mbagala, mashine imezima ghafla,
mteja kabaki na nusu kichwa.
Hayo huja baadaye. Usiku, usingizi ukigoma.
Pale jiweni niliwaza ukurasa.

Mwaka ule mto ulipokatika, Sekela aliandika sifuri
siku arobaini na moja,
sifuri ya asubuhi, sifuri ya jioni,
alishuka kila mara kwenda kuitazama.
Hakuna mahali alipoandika "kama jana".
Na kurasa chache mbele, kwa penseli ileile,
siku aliyomzika kitinda mimba wake:
Kumi na moja. Nimechelewa dakika arobaini.
Basi. Mstari unaofuata ni kesho yake.

Nikatuma ishirini na sita.
Lutengano hakunitukana.
Alikung'uta suruali, akapanda na funguo zake,
na kabla ya adhuhuri nilisikia chuma kikilia.

Saa kumi jioni nilichutama tena.
Chura kahama. Maji yamepanda:
thelathini na moja.
Nikachukua la juu, nikachukua la chini.
Katika hizo tano zilizoongezeka
moja, au nusu yake, ni kitalu changu
kinapita chini ya daraja
kwenda kwa watu nisiowajua.

Nayo nikaiandika.